Bombomu Isiyonyweshwa Maji

Kambi ya Picha, mbele ya Natta
Jumapili, Julai 1955

Kwako Baba,

Shikamoo, Tata. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba lile bega linalokusumbua wakati wa baridi limetulia. Mama naye hajambo? Yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea nilipoondoka Nyamwaga amepona? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na nitakueleza sababu. Robhi dada yangu, wewe unayemsomea Baba, soma polepole wala usiruke mstari.

Unajua kwamba nilipata kazi ya ukarani kwa Wazungu wanaotengeneza picha ya sinema. Picha yenyewe inahusu vita vya Mjerumani, vile mlivyokwenda wewe na Baba Mdogo Mwita mkiwa wapagazi. Wanaipiga huku kwa sababu ya boma la zamani la Ikoma, ambalo kuta zake bado zimesimama. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu wanaoajiriwa kutoka Natta na Ikoma, na kuwatafsiria maneno ya mkubwa wa picha. Nilifurahi sana, Baba. Nilijiambia kwamba sasa watu wataona yale uliyotusimulia tangu tukiwa wadogo.

Sasa sikiliza walichofanya. Askari wa Mjerumani wamevalishwa kofia za chuma za vita hivi vya juzi. Wewe ulituambia walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na kwamba bunduki zao za mwanzo zilitoa moshi mwingi hata mkajua mtu amejificha kichaka gani. Hawa wana bunduki fupi zinazotema risasi mfululizo, ambazo wakati ule hakuna aliyekuwa nazo. Askari wa Kingi, wale wa Mwingereza, wamepewa buti zinazong'aa, na wewe uliwaona wakitembea miguu mitupu mpaka nyayo zikapasuka. Yote haya nayaandika kila jioni katika kitabu changu cha siku, pamoja na tarehe, ili hasira isije ikanifanya niongeze. Siongezi.

Lakini ubaya mkubwa ni bombomu. Bunduki ile nzito ya kumimina risasi, ambayo ulibeba miguu yake ya chuma mpaka bega likaharibika, katika picha inabebwa na mtu mmoja, Mzungu, mikononi, huku anakimbia na kufyatua. Mtu mmoja, Baba. Hakuna wa kubeba mtutu, hakuna wa miguu, wa risasi hayupo, wa maji hayupo. Nilikwenda kwa Mzungu anayetunza nguo na silaha, nikamweleza kwa adabu kwamba bunduki ile ilipopata moto ilitaka maji, na kwamba wapagazi walimimina humo maji yao ya kunywa wakabaki na midomo mikavu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karani," akasema, "nani ataijua tofauti?"

Nikamwambia, "Baba yangu."

Alicheka sana, akaenda kuwasimulia wenzake mezani. Tangu siku hiyo, hata wakivaa soksi wananiuliza kama baba yangu amezikubali.

Na wapagazi je? Askari wamekosewa, lakini walau wamevalishwa. Wapagazi wamefungwa ngozi za chui na kuchomekwa manyoya ya mbuni kichwani, kama watu wanaokwenda ngomani. Ninyi mlipewa blanketi na kile kibati cha namba shingoni, basi. Nilipouliza, niliambiwa mtu mwenye blanketi hapendezi kwenye picha.

Alhamisi walipiga sehemu ya wapagazi hao. Mkubwa wa picha alitaka kwamba bunduki ikilia mara ya kwanza, watupe mizigo na kukimbilia porini, ili yule Mzungu abaki peke yake na bombomu yake. Nawe unayajua maneno yanayosemwa nyumbani kwetu. Baba Mdogo alitumwa maji ya bombomu, hakurudi. Waliotangulia kufika kutoka vitani walisema alitupa madebe akatoroka. Mpaka leo hakuna mtoto wa ukoo wetu aliyepewa jina la Mwita, kwa kuwa kwetu mtoto harithishwi jina la mtu aliyekufa akikimbia. Wewe mwenyewe hujawahi kusema neno juu ya jambo hilo, nasi hatukuthubutu kukuuliza. Na sasa mimi ndiye niliyetakiwa kuwaambia watu watupe mizigo. Nikawatafsiria kama alivyosema, bila kupunguza.

Bunduki ikalia. Watu wakakimbia, tena kwa bidii. Lakini kila mtu alikimbia na sanduku lake kichwani.

Mkubwa wa picha akasimamisha kazi. Akaeleza upya, nami nikaeleza upya. Ikawa vile vile. Mbele yao kabisa alikuwa mzee Wambura wa Natta, aliyekuwa mpagazi katika vita hivyo kama wewe, ameshika sanduku kwa mikono miwili huku manyoya ya mbuni yakimpiga usoni. Wengine wote walikuwa wanafuata anavyofanya yeye.

Nikamwita kando. Nikamwambia, "Mzee, sanduku ni tupu. Wanataka ulitupe tu."

"Najua ni tupu," akasema. "Si mimi ninayelibeba?"

"Sasa?"

"Sasa nitafutie mtu alitupe. Mimi kazi hii nilifundishwa kwa kiboko. Ukifika kambini bila mzigo, unalazwa chini mbele za wenzako. Nikianza kukimbia, mikono inakwenda juu yenyewe. Mwambie Mzungu wako aikate, miguu nitamwachia."

Watu walicheka, na mimi pia. Mkubwa wa picha hakucheka. Alidhani mimi ndiye niliyewafundisha, kwa sababu ya yale maneno ya bombomu. Akaniondoa kwenye kutafsiri, na sasa kazi yangu ni kupokea unga na nyama kwenye hema la chakula. Wambura na wazee wenzake walirudishwa makwao, wakaletwa vijana ambao hawajawahi kubeba mzigo wa serikali. Hao waliitupa mizigo vizuri. Waliitupa wakicheka, na picha ikakubaliwa.

Basi hivyo ndivyo mtakavyoonekana. Siku moja lori la sinema litafika hata Nyamwaga, watu watakaa kwenye nyasi na kuwaona wapagazi wa ngozi za chui wakitawanyika, na watasema ndivyo walivyokuwa. Hilo siwezi kulizuia. Nimejaribu.

Lakini liko moja lililo mkononi mwako. Mke wangu Bhoke anakaribia kujifungua. Mimi nimemwona Wambura akishindwa kutupa sanduku tupu, mahali pasipo na kiboko wala adui, miaka yote hii baada ya vita. Mtu aliyebeba maji, naye anajua kaka yake yuko kwenye bombomu anayasubiri, angeyatupaje? Sina shahidi. Waliosema alitoroka nao hawakuwa na shahidi. Walifika nyumbani kwanza, tukawaamini.

Nisalimie Mama, na mwalimu wa misheni aliyenishikisha kalamu, na jirani yetu anayetusaidia kuchunga. Msalimie pia shangazi mkubwa, ambaye najua atapinga ninalotaka kukuomba. Bhoke mwambie asiteremke tena mtoni kuteka maji, Robhi ambebee.

Akizaliwa mvulana, Baba, naomba aitwe Mwita. Akizaliwa msichana, jina lingoje, ila tangu leo lingoje likiwa safi.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Chacha