Utando wa Mrija wa Mama

Dada yangu,

Huku hatujambo. Mtoto ameota jino na ameshamng'ata baba yake. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimemkabidhi dereva wa basi la kwenu barua hii.

Ule mrija aliowekewa mama moyoni umepakwa utando wa aina tunayoipima hapa maabara. Leo nimeuona ukibanduka kama ganda la kitunguu ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili; vipande vyake vinaweza kuziba damu. Mkuu wangu akasema, "Usizue taharuki, tutarudia kipimo."

Mimi singoji. Mpeleke mama kwa daktari wake sasa hivi, umwonyeshe haya niliyoandika, hata nikifukuzwa kazi. Nimempigia mama, akacheka: "Kifua kinabana kidogo tu, mwanangu. Ni uzee."

Mdogo wako, roho mkononi.