Mbegu Ndani ya Godoro

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kaleta mashine ya kuchambua sufi, kuitoa mbegu kabla haijajazwa godoroni. Inanguruma kama mtu aliyenyimwa chakula. Eti hoteli imeagiza magodoro arobaini. Arobaini! Nikamuuliza, hao wa hotelini wanaumwa mgongo? Akasema mteja ni mteja, Mama. Si kweli. Wangu ni wale wasioweza kujigeuza kitandani. Nilianza na marehemu mume wangu — yeye kalala, mimi nachambua mbegu mojamoja, huku ananifundisha herufi. Ndiyo maana mwandiko wangu umelala upande.

Jumatano, 5 Machi
Uani kuna mafundi wanne. Shikamoo bibi, wanapita. Hakuna anayekaa. Zamani mimi na binti yangu tulichambua goti kwa goti, tukisengenya mtaa mzima — raha! Sasa inasema mashine.

Alasiri nimejilaza juu ya godoro jipya la sufi ya mashine kulipima, kama kawaida. Laini. Nimelipitisha. Limekwenda kwa Fundi Viatu, yule aliyeanguka kutoka paani, miguu ikafa.

Jumamosi, 8 Machi
Kidonda. Mkewe Fundi Viatu kanionyesha, kiunoni mwa mumewe, kidogo kama tundu la kifungo. Nimepapasa godoro. Mbegu tatu, zimekaa pamoja. Mgongo wangu haukuzisikia. Umezeeka, mpumbavu huyu!

Fundi Viatu anacheka. Eti huko chini hasikii kitu, nisilie, nitalilowesha godoro. Mimi, nilie?

Nililia.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia binti yangu tuyafumue yote arobaini. Kasema lori linakuja kesho, na wageni wa hoteli hulala siku mbili wakaenda zao, hawatajua. Hapo ndipo unapokosea, mwanangu! Unatafuta wasiojua, unawaacha wanaotuhitaji. Kaondoka, kaacha chai yake. Nimeinywa mimi, isipotee. Ilishapoa.

Jumatatu, 10 Machi
Lori liko mlangoni. Naandika nikiwa juu ya rundo la magodoro, mkasi mapajani. Nimeshafumua mawili. Mbegu kumi na moja!

Dereva anapiga honi. Binti yangu kaja mbio: Mama, shuka, unaniaibisha mbele za watu. Nimemwonyesha kiganja, mbegu zote. Nikasema, kaa tuchambue, mimi na wewe. Hoteli ingoje, au iende. Fundi Viatu kalala juu ya mikeka, anangoja godoro lake nililolirudisha kulichambua upya.

Kazitazama mbegu. Kazima mashine.

Uani kimya. Kavuta kigoda, kakileta hadi hapa chini ya miguu yangu. Hajakaa. Honi tena —