Si Jipu

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanika kahawa tangu asubuhi. Jua kali. Nilipovua shati, mke wangu Koku akaona doa la damu kifuani, upande wa kushoto. Chuchu imeingia ndani. Uvimbe chini yake naujua tangu kabla ya Pasaka. Nilimwambia ni jipu. Hakuniamini. Alhamisi kuna kliniki Bukoba.

Alhamisi, 5 Juni

Foleni ya kliniki ya matiti. Wanawake tu, na mimi. Muuguzi alidhani nimemsindikiza Koku, akampa yeye kadi. Sikumsahihisha. Koku ndiye aliyesema. Aibu. Masikio yaliwaka moto. Wamekata kipande kidogo cha uvimbe, kitapimwa Mwanza.

Jumatatu, 23 Juni

Ni saratani. Ya titi. Naandika ili nizoee.

Daktari ni binti wa umri wa mwanangu. Anasema wanaume nao huugua, ila ni wachache. Nilimwomba atoe uvimbe tu. Kovu dogo, watu wasijue. Hakunikemea. Alieleza kwamba uvimbe umeshashika chuchu, na mwanamume ana nyama kidogo pale. Akitoa uvimbe peke yake anaweza kuacha ugonjwa nyuma, nikarudi kupasuliwa tena. Ingekuwa shauri lake, angetoa titi lote na tezi za kwapani. Mkono unaweza kuja kuvimba, hakunificha. Uamuzi ni wangu. Nimpe jibu Ijumaa.

Naogopa. Zaidi naogopa kuchekwa.

Jumatano, 25 Juni

Kaka yangu Elieza amekuja kutoka Buganguzi. Naye nilimwambia jipu. Anamjua mtu wa kulitumbua, na dawa ya majani ya kubandika. Nilikaribia kukubali. Mambo yangeisha kimya kimya.

Koku alisimama mlangoni pa jiko. Alinikazia macho.

"Kaka," nikasema, "si jipu. Ni saratani ya titi."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akauliza, "Wanatoa lote?"

"Lote."

Hapo ndipo nilipojua kuwa nimeshaamua.

Jumanne, 1 Julai

Operesheni imefanyika. Mrija ubavuni, kinywa kikavu. Kucheka kunauma, kukohoa ni balaa. Elieza alishinda kwenye benchi na Koku.

Jumatano, 16 Julai

Majibu. Kingo za nyama waliyoitoa ni safi, hazina saratani. Tezi hazina kitu. Vidonge nitameza kwa miaka, basi. Daktari akaniita kwa heshima ya kikwetu, "Ta Rweyemamu, ulichagua vizuri." Koku alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Jumapili, 17 Agosti

Mkono sasa unapanda hadi usawa wa sikio. Haujavimba. Kanisani mzee wa kwaya alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kliniki ile ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi. Nitaenda naye.

Mchana nimekula ndizi na maharage, nikalala. Nimeamka kivuli cha migomba kimefika uani.