Gunia Juu ya Paneli ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kagongwa, jioni. Nimechukua likizo wiki moja, nimetoka Geita kumwona Baba. Amekonda! Maji anakunywa jagi zima. Nikafungua friji yake ya sola — joto nyuzi ishirini na saba. Na insulini yake ya sukari imo humo humo. Eti paneli imezeeka, ina miaka minane. Paneli niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Na mimi ndiye fundi sola wa familia. Aibu yangu.

Jumanne, 5 Agosti
Saa tatu nimepanda bati na kipimo. Paneli nzima! Bado inatoa asilimia tisini na nne ya ilivyokuwa mpya. Ndivyo zilivyo: siku za mwanzo jua huzipunguza nguvu kidogo, kisha hupungua taratibu mno, mwaka hadi mwaka. Betri nayo nzima, ila haina chaji. Sielewi.

Saa nne tukaenda zahanati. Sukari ishirini na moja. Nesi Mageni akazitupa zile chupa: zimekaa na joto kupita mwezi. Akatupatia mbili mpya, akamwonya Baba, zikiharibika na hizi atalazwa. Baba kaitikia kwa adabu kama mwanafunzi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemkamata!

Natoka sokoni saa saba, mzee wa miaka sabini na moja yuko juu ya ngazi, anafunika paneli kwa gunia la pamba. Baba, unafanya nini? Eti anamfungua nira apumzike. Ng'ombe wa plau halimishwi jua la utosi, kwa nini huyu ateswe? Kila siku, saa sita hadi saa kumi, tangu Pasaka!

Nikafoka. Akasubiri nimalize. Kisha akasema, mayu, mama yangu, si wewe uliyeniambia kwenye simu kwamba jua linampunguza nguvu? Anataka siku akiondoka duniani, mimi nimkute bado ana nguvu nimchukue.

Nimelia jikoni. Kweli nilisema mimi. Nilikuwa najionyesha ninavyojua kazi yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Somo. Baba, huyu si ng'ombe. Jua linalomla ndilo linalomlisha. Ukimfunika mchana unamwongezea siku chache uzeeni, na wewe unajipunguzia miaka. Akafikiri sana. Akauliza, kwa hiyo hafi? Hafi, Baba, atatupita. Friji saa tisa: nyuzi sita. Wabeja, akaishukuru friji. Si mimi, friji!

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Sukari kumi na tatu. Kala ugali na mlenda, akanitania kwamba nimepika kama mtu wa mjini.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeihamisha ngazi kwa jirani, Bujiku, nikamsihi asimwazime Baba. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe naye amekuwa akifunika yake, kafundishwa na Baba! Nimemfunulia kwa mkono wangu.

Jumapili, 10 Agosti
Basi la Geita linapita saa saba. Naandika nimesimama, begi begani.

Saa sita ilipofika Baba alianza kuhangaika. Anatazama juu, anatazama ilipokuwa ngazi. Akabeba kigoda chake, akakiweka katikati ya uwanja, chini ya jua kali, akakaa. Bila kofia.

Baba, njoo kivulini.

Hataki. Eti si ungwana sote kujificha na kumwacha huyo wa juu ya bati peke yake. Yeye atamsindikiza tu mpaka saa kumi. Kisha, kwa upole: nenda, mayu, usichelewe basi.

Na kesho? Kesho pia. Sasa ameshajua asimfunike, hajavunja neno langu hata moja!

Nimemfunga kanga yangu kichwani. Amecheka. Jasho linamtoka, na midomo imeshaanza kukauka. Kondakta anapiga simu. Sijapokea. Nimetua begi, natafuta kigoda cha pili.