Kibati Kilichoandikwa KULA

Nyumbani, Jumatano, baada ya shule.

Baba,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza nimezikunjakunja nikazitupia kuku. Ungeniona ungesema, "Mmbone, wewe hata kiti hukipi nafasi ya kupata joto." Ni kweli. Kila nikiandika mstari natoka nje kuangalia tumba moja. Moja tu, Baba, kubwa kama kidole gumba, na nchani limeanza kuonyesha rangi. Kesho asubuhi litafunguka. Kesho nitajua kama nimekurudishia ua lako au nimejisumbua bure muda wote huu.

Usinitarajie nikupe habari kwa mpangilio, maana kichwa changu leo hakina mpangilio. Lakini kuna jambo moja sijamwambia mtu tangu tukuzike, na lazima nilitoe kwanza. Ule mti wako wa karibu na jiko haupo. Uliisha siku ile ile ya mazishi yako, na aliyeumaliza ni mimi.

Watu walikuja wengi, ungeona haya. Ngoma ya isukuti ililia mpaka nikahisi inanipiga mbavuni. Fahali wakaletwa. Vijana wakaja mbio kwangu wanatafuta majani ya kushika, kwa sababu wewe unajua kwetu mzee hasindikizwi mikono mitupu, lazima majani yapepee. Wakaniuliza, "Dada, tukate wapi?" Macho yangu yalikuwa yamevimba. Nikanyoosha kidole bila hata kugeuka vizuri: "Ule pale." Haukuwa na ua hata moja siku hiyo. Machoni pangu ulikuwa haibiskasi kama haibiskasi nyingine zote za fensi yetu.

Wakaukata mpaka magotini. Fahali wakapita juu yake. Halafu akina mama wa kupika wakaona pamebaki nafasi nzuri, wakapanga mafiga juu ya kisiki, na moto ukawaka hapo siku tatu mfululizo. Mizizi ilipikwa pamoja na chakula cha waombolezaji wako.

Na ulikuwa umeniambia! Hilo ndilo linaloniamsha. Ulikuwa kitandani, kifua kinakoroma, ukasema, "Ule wa jikoni, Mmbone. Ule ni mmoja tu." Mimi nilikuwa nimekaa kando yako nikisahihisha madaftari. Nikasema ndiyo, Baba, nikaendelea kuchora alama za kosa kwa kalamu nyekundu. Sikukumbuka neno hilo mpaka siku ya nne, nilipokwenda kaburini nikayaona yale majani mapana yamelala juu ya udongo, yamenyauka. Nikakimbia jikoni. Nikafukua jivu kwa mikono. Yale matawi ya kaburini niliyaokota yote, nikachomeka kumi na moja kwenye matope, nikayafunika kwa majani ya mgomba. Yalikauka moja baada ya jingine. La mwisho lilinidanganya wiki tatu.

Ndani ya jivu nilipata kitu kimoja: kile kibati ulichokuwa umekifunga kwa waya shinani. Kimeungua, lakini maandishi yako ya msumari yanasomeka. MAMA NYUMBANI. BABA KULA.

Nikasema hewaa! Baba ameniachia njia. Kwa sababu ulikuwa umenifundisha, hata kama nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Uliijua kazi hii kule boma, kwa yule memsahib aliyekuwa akikupa kikapu umshikie huku yeye akipakaza unga wa ua moja juu ya lingine kwa brashi. Yeye alidhani unashika kikapu. Aliondoka Uhuru ulipokaribia, nawe ukaja na kazi yake nyumbani. Ukachukua njiti ya kiberiti badala ya brashi, karatasi ya daftari langu la zamani ukaifanya kofia ya kufunika ua lisije likaguswa na nyuki, na uzi mwekundu ukaufunga kama alama. Ulisema unaoza maua. Mama akikusikia asubuhi, "Leo nimeoza mawili," alikuwa anakujibu, "Maua yakioza si uyatupe?" Mlirudia mzaha huo kila wiki, na kila wiki mlicheka kama mmeusikia jana.

Basi mama wa ua lako, yule wa nyumbani, namjua: ni ile haibiskasi nyekundu ya mlangoni. Lakini baba kula? Mimi ni mwalimu, Baba, nilisoma kama mwalimu. Kula ni kula. Nikakumbuka ile nyumba ya boma ulikofanya kazi, dirisha la chumba cha kula, na haibiskasi nyeupe iliyosimama pale chini yake. Nikavaa gauni zuri nikaenda. Mke wa afisa mpya ni mtu mwema. Aliniangalia kwa huruma, akaniambia nichukue maua yote nikitaka. Nilikwenda kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijakausha unga. Nikauleta nyumbani nikaoza ile nyekundu, nikafunika, nikafunga uzi. Na kila mara, baada ya siku sita au saba, kile kitumba kidogo kinageuka manjano na kudondoka. Mimba haikushika hata moja. Nikadhani mkono wangu ni mbaya. Nikadhani ni wewe umekasirika, unanikatalia. Nilifika mahali nikawa nakugombeza kwa sauti pale mlangoni, majirani wanasikia.

Halafu ukaja uchaguzi wa diwani. Mpiga mbiu wa chifu akasimama kwenye mlango wa darasa langu, akapaza sauti kana kwamba sote ni viziwi: "Mkafike nyumbani, mwambie wazee wenu! Jumatatu kila mtu aje apige kula! Kula ni siri ya mtu!"

Chaki ilinianguka.

Miaka mingapi nimewachapa watoto wa watu kwa hiyo l? Na wewe mwenyewe nilikukatiza mezani, mbele ya wageni: "Si kula, Baba, ni kura." Ukanijibu, "Kula ni ya mdomo, kula ile nyingine ni ya karatasi, na mimi leo nimefanya zote mbili." Nimekusahihisha miaka yote, na siku moja tu niliyotakiwa kukusoma kwa mdomo wako mwenyewe, nikakusoma kwa kitabu changu.

Papo hapo nikaiona siku ile. Uchaguzi wa kabla ya Uhuru. Ulivaa koti, ukaenda kambi ya chifu Shinyalu giza halijaisha, ukasimama kwenye foleni mpaka alasiri. Ulirudi umeshika kofia yako kwa mikono miwili, imegeuzwa, unatembea polepole, hutaki mtu akuguse. Mama alidhani ni heshima ya kura. Alitunyamazisha sote: "Baba yenu amepiga kula, mpisheni." Kumbe kofiani mna ua! Umeliiba kwenye foleni, unawahi mlangoni kabla unga haujaharibika. Nilicheka peke yangu njia nzima kutoka shuleni. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ufe.

Nikaenda Shinyalu siku ya pili yake. Haibiskasi yenyewe ipo, Baba. Nyuma ya ofisi, karibu na tangi la maji, manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Askari wa chifu akaniuliza ninaiba nini. Nikamwambia ninaiba unga. Akaniangalia mikononi, akaona njiti ya kiberiti tu, akatikisa kichwa akaenda zake.

Mimba ikashika. Tatu! Nilizilinda kama mayai. Nikapanda mbegu kwenye makopo, zikaota tisa, mbuzi wa jirani akala tano na mwenyewe anasema mbuzi hana akili. Zimebaki nne. Moja ndiyo hii yenye tumba.

Nimetoka kuliangalia tena. Halijabadilika. Naacha hapa, siwezi kuendelea.

Alhamisi.

Limefunguka, na si lako.

Nimekwenda mara tatu kuhakikisha, kana kwamba litaona aibu libadilike. Lako lilikuwa rangi ya papai bivu kwa ndani, na katikati damu ya mzee. Hili ni manjano iliyochafuka, lina mistari myekundu kama macho ya mtu asiyelala. Dogo. Limejikunja upande mmoja. Baba na mama ni wale wale, mlango ni ule ule, na bado si lako. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema watoto wa tumbo moja hawafanani, na kwamba wewe mwenyewe ulipata miche mitano na minne ukaing'oa. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo na nikajifanya sijui. Hata nikipanda mbegu elfu, ule ulikuwa mmoja tu. Uliniambia hivyo kwa mdomo wako.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa anachambua mrenda. Sijui nini kilinishika, Baba, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: vijana, kidole, kisiki, moto. Nikamwambia mimi ndiye niliyewaonyesha.

Hata mikono hakusimamisha. "Nilikuona," akasema.

Nikamwambia labda hakuelewa, nasema ule mti wa Baba. Akasema, "Mti ule nimeumwagia maji ya vyombo tangu unatoka ardhini, nikose kuujua? Nilikuona ukinyoosha kidole, nikanyamaza. Ungebaki na nani? Mimi nimechoka. Wewe ulikuwa unauchekanga. Nikasema moyoni, acha baba yake aende nao."

Nikamuuliza kwa nini basi ameniacha muda wote huu, ananiona nikipiga magoti mlangoni na njiti za kiberiti kama mwendawazimu, na hasemi neno. Akaniangalia mara ya kwanza. "Ningesema, ungeacha."

Nilitoka nikaubamiza mlango. Nimemkasirikia, na mpaka sasa ninapoandika bado nimemkasirikia, na chakula chake cha mchana nimekila chote.

Lakini Baba, neno lake moja limenichoma na halitoki. Kucheka. Tangu jana nimekuandikia kila kitu, kofia, kibati, mbuzi, na siku ile nimeizunguka kama shimo. Basi niiseme.

Ulikuja shuleni kwangu kwa miguu. Ua limo kofiani. Ulisimama mlangoni mwa darasa, suruali ina matope, watoto arobaini wanakuangalia, ukaliinua. Ukasema, "Hili rilifunguka jana. Jana, mwalimu! Mengine yanakufa jioni. Hili bado riko macho." Watoto wakacheka ile r. Na mimi nikacheka nao. Sikucheka kwa wema. Nilisema, kwa Kiswahili changu safi, kwamba wenzako wanajenga nchi nawe unaoza maua. Ulicheka kidogo, ukalirudisha ua kofiani, ukauliza kama nina maji ya kunywa. Ulikunywa, ukarudi nyumbani njia ile yote. Hukunitajia tena ua lile mpaka uko kitandani.

Si ua nililokuwa nikitaka kukurudishia. Nilitaka siku ile. Nilitaka uje tena mlangoni na kofia yako, nami niwaambie watoto wasimame.

Haiji. Hata hili la leo limenionyesha haiji. Ua lako umekwenda nalo, Mama amekupa, na sitalitafuta tena. Hii miche minne si yako, ni yangu. Mitatu bado sijaiona uso, na hili la macho mekundu halina baba mwingine wa kulipenda ila mimi. Nimekwisha kulikatia karatasi ya kofia. Kesho alfajiri nitachukua unga wake niupeleke kwenye ile nyekundu, nione watazaa nini.

Nakuahidi hivi: litakalotoka, zuri au baya, nitalipeleka darasani mwenyewe, kwa miguu, nililete mbele ya watoto, na niwaambie baba yangu ndiye aliyenifundisha kuoza maua. Wacheke wakitaka.

Nisamehe kwa siku ile. Pumzika, Baba.

Mwanao,
Mmbone