Kikohozi cha Kwala, Msitu wa Kisarawe

Kwala, Kibaha
14 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko Tabora na kazi ya reli inakwenda vizuri. Sisi tu wazima, isipokuwa mdogo wangu Flora. Pumu imembana tena. Leo nitakueleza yote, hata nililomficha mama. Kwenye simu nisingeweza kulimaliza.

Kiwanda cha jirani kimewasha tanuri la pili. Masizi yanatua kwenye nguo kabla hazijakauka. Mama amehamishia kamba ndani, lakini Flora lazima atoke aende shule.

Wiki iliyopita darasa letu lilikitembelea kiwanda hicho. Afisa mazingira wao, Bwana Gregori, alituonyesha cheti ukutani. Alisema moshi wa mwaka huu umeshafidiwa, kwa sababu wamenunua hewa ukaa iliyohifadhiwa na misitu ya Kisarawe. Nikanyoosha mkono nikauliza kama masizi nayo yamehamia Kisarawe. Wenzangu walicheka. Yeye akasema mimi ni mtoto mjanja, kisha akatugawia soda. Yangu sikuinywa.

Njiani kurudi, Mwalimu Tito alitufafanulia kwamba gesi inayoipasha dunia joto husambaa kote, kwa hiyo mti wa Kisarawe unaweza kweli kuinyonya. Masizi hayako hivyo. Yanaangukia hapahapa, vifuani mwetu, na cheti hakiyagusi. Nilikasirika, baba! Wao wananunua ruhusa, anayeishiwa pumzi ni Flora.

Jana nilimpigia simu bibi Juliana huko Kisarawe kumweleza. Akauliza: kumbe Flora akikohoa Kwala, yeye bibi anywe dawa Kisarawe ndipo mtoto apone? Sikuweza kucheka, maana kosa ni langu.

Likizo ya Juni nilipokuwa kwake, watu wa mradi wa hewa ukaa walileta karatasi za Kiingereza ili wenye msitu watie sahihi. Wazee wakasema mjukuu wa Juliana yuko sekondari, asome yeye. Kurasa nyingi sikuzielewa, nikaona aibu kusema. Nilipoona jina la kiwanda cha kwetu, nikamwambia bibi kwamba akikubali, moshi wa Kwala utapungua. Kwa ajili ya Flora akachovya kidole kwenye wino bila kuuliza tena. Majirani wanane wakafuata, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Sasa msitu wenu hauguswi miaka thelathini, na bibi anaomba kibali hata cha kuokota kuni.

Tarehe 27 kuna mkutano wa kijiji huko kwa bibi. Mtendaji amekubali kunipa nafasi ya kuzungumza. Nitawaambia sikuelewa nilichosoma, na nitaomba karatasi zisomwe upya kwa Kiswahili. Huenda wakanizomea, lakini naamini watasikiliza.

Mama anakusalimu, na Flora anasema usisahau asali. Dereva Samweli, anayekuletea barua hii, anarudi Alhamisi. Mpe jibu lako. Baba, utakuja usimame nami siku hiyo, au niende peke yangu?

Mwanao akupendaye,
Laurentia