Kitako cha Chupa ya Mtawa

Sparkhill, Birmingham
4 Machi 2025

Kwa Hillow,

Salamu nyingi, na Ramadhani njema kwako na kwa nyumba yako yote. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni Baldev, yule karani wa stoo ya hoteli kule Nakuru. Kama umelitambua jina ukataka kuichana karatasi, tafadhali isome kwanza, kisha uichane.

Afya yangu ni ya kushukuru. Mwezi jana nilitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na sasa nasoma namba ya basi likiwa bado mbali. Nesi aliyenitia dawa ni msichana wa Kisomali. Nilimsalimia kwa Kiswahili kwa kubahatisha tu, akanijibu kwa Kiingereza kwamba anakisikia ila hakizungumzi, na kwamba babu yake ndiye wa Nakuru. Nikamwuliza babu gani. Hillow, miaka hamsini nakuwaza, kumbe uko Lozells, mabasi mawili tu kutoka kwangu. Mjukuu wako huyo, Idil, amekubali kukuletea barua hii. Anwani yako alikataa kunipa, na alifanya vizuri.

Kilichonishikisha kalamu ni shampeni. Mwezi ujao mimi na Kulwinder tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, na mjukuu wetu Amrita ametununulia chupa yenye jina la yule mtawa, Perignon, sawa na zile ulizokuwa ukizipanga rafu ya juu. Akatusimulia mezani kwamba mtawa alikuwa kipofu, kwamba ndiye aliyevumbua mvinyo wenye mapovu, na siku ya kwanza alipouonja akawaita wenzake waje upesi, anakunywa nyota. Wote wakafurahi. Mimi, unanijua, nikaenda maktaba kuhakikisha.

Karibu yote si kweli. Mtawa hakuwa kipofu. Mapovu hakuyavumbua, alihangaika kuyazuia, maana mvinyo ukichachuka tena ndani ya chupa, chupa hupasuka, na moja ikipasuka huvunja na jirani zake. Baadaye wafanyakazi wa maghala yale walivaa vinyago vya chuma. Waingereza ndio waliokuwa na chupa nzito, za tanuri la makaa ya mawe, zilizoweza kuvumilia. Sehemu kubwa ya hadithi ilitoka kwenye barua ya mtawa mwingine, aliyeandika zaidi ya miaka mia baadaye akitaka kumsifia mwenzake. Zile nyota waliziongeza watu wa matangazo.

Lakini nilipofika pale pa chupa kupasuka nilifunga kitabu. Nilikukumbuka wewe.

Siku ile chupa moja ya shampeni ilipovunjika stoo, ulimwambia meneja imepasuka yenyewe. Mimi nikasema mbele yake kwamba chupa hazipasuki zenyewe. Meneja akasema basi umeinywa, kisha ukaivunja ili kuficha. Hillow, nilikuwa nimesimama kwenye mvinyo ule, soksi zimelowa. Nilijua hukunywa hata tone. Nikanyamaza kwa kuogopea kazi yangu. Wewe ukafukuzwa, na msikitini wakasema mtoto wa Abdi amekuwa mlevi.

Huku nilifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha vioo, kazi ya kusoma mipasuko. Chupa ikigongwa huacha doa jeupe lililopondeka mahali pa pigo. Ikipasuka kwa nguvu ya ndani, haiachi doa. Kwa hiyo ni siku nyingi najua kwamba chupa zinaweza kupasuka zenyewe, na siku nyingi nimekosa ujasiri wa kukutafuta. Naomba unisamehe.

Rafiki yako wa zamani,
Baldev


Lozells
2 Aprili 2025

Kwa Bwana Baldev,

Salamu zako zimefika. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, na Idi imepita salama. Mke wangu Falis anasema si adabu kujibu bila kuulizia macho yako, basi nimeulizia.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu mwezi mzima. Kila nilipotaka kukasirika nilikumbuka nimefunga. Sasa mwezi umekwisha.

Kuambiwa nimevunja chupa ni jambo dogo. Kuambiwa nimekunywa ni jambo jingine. Mwaka mzima baba yangu hakupokea chai kutoka mkononi mwangu. Hilo ndilo ulilolinyamazia, na ulijue.

Siku ile niliokota kitako cha chupa, pamoja na kipande cha ubavu wake, nikampelekea baba aone. Hakukitazama. Nikaenda nacho Uholanzi, nikaja nacho hapa, na Falis anakitumia kuwekea chumvi. Idil atakuletea. Wewe si fundi wa mipasuko? Kisome, uniambie kinasema nini. Anwani iko nyuma ya bahasha.

Hillow Abdi


Sparkhill
8 Aprili 2025

Ndugu Hillow,

Salamu kwako, na kwa Falis salamu za pekee. Mwambie macho ni mazima kabisa, na ahsante kwa kuulizia. Kulwinder hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe humsumbua zaidi nikimwomba kitu.

Idil alileta kitako kimefungwa ndani ya soksi. Chumvi ilikuwa bado imeganda pembeni. Nilikiosha, nikakaa nacho dirishani asubuhi nzima na kile kioo changu cha kukuzia cha kiwandani. Kulwinder aliniletea chai mara mbili, zote zikapoa. Mara ya pili akaniuliza kitako cha chupa kina kurasa ngapi.

Kinasema hivi. Hakuna alama ya pigo. Ufa umeanzia ndani, laini, ndipo ukagawanyika. Pengine ni joto la stoo yetu, pengine mkwaruzo wa safarini. Hakuna mkono wa mtu. Ulisema kweli, Hillow, na mimi nilikosa mara mbili, kwa kusema na kwa kunyamaza. Ukitaka nitakuandikia kwa Kiingereza, nitie sahihi kama nilivyokuwa nikifanya kazini, uwaonyeshe watoto wako.

Tarehe 26 tunaifungua chupa ya Amrita. Njoo na Falis. Kutakuwa na chai ya tangawizi, na hakuna atakayekusogezea glasi.

Nduguyo,
Baldev


Lozells
8 Aprili 2025

Ndugu Baldev,

Hujambo, na mama watoto hajambo? Naandika kabla jibu lako halijafika. Tangu Idil aondoke na kile kitako, chakula hakipiti. Falis anasema ni kwa sababu chumvi imekosa makao. Si chumvi.

Niliigonga mimi. Niliitoa rafuni kuitazama tu, ile karatasi yake yenye umbo la ngao, nikasikia viatu vyako vinakuja. Nikageuka kwa haraka, ikagonga bawaba ya mlango wa chuma. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na uongo ulinitoka kabla sijaufikiria. Uliposema chupa hazipasuki zenyewe, ya kwetu kweli haikupasuka yenyewe. Mimi nikazunguka Nakuru yote nikisema Kalasinga ameniuza. Watoto wangu wamekua wakilijua jina lako kama jina la msaliti.

Kunyamaza kwako kuliniuma, na deni hilo siwezi kukubebea. Lakini ningesema tangu mwanzo kwamba imeniponyoka, ningekaripiwa tu, na pasingekuwa na kitu cha kunyamaziwa. Sijui kama nilikutumia kitako kukujaribu wewe au kujishtaki mwenyewe. Utaliona doa. Utasema Hillow ni mwongo, na utakuwa na haki. Nilitaka tu ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa kioo, ingawa naona nimechelewa.

Nisamehe.

Nduguyo,
Hillow


Lozells
11 Aprili 2025

Kalasinga,

Hali yako? Yangu ni nzuri kuliko juzi, na leo nimekula sahani mbili. Barua yako imefika. Nimetazama tarehe, nikaona tuliandika siku moja. Yangu bila shaka unayo mkononi sasa, na bila shaka umekaa pale dirishani huna pa kuuweka uso.

Baldev, lile doa nalijua. Ni jeupe, ukubwa wa punje ya mtama, ubavuni, juu kidogo ya kitako. Nimelipapasa kwa kidole gumba miaka hamsini, kila nikichota chumvi. Fundi wa miaka thelathini mwenye kioo cha kukuzia hawezi kulikosa. Nilikuwa nikimsomea Falis barua yako kwa sauti, nikafika pale pa "hakuna mkono wa mtu", nikamkabidhi karatasi. Akamalizia yeye.

Cheti cha Kiingereza usiniandikie. Jana niliwaita watoto wote nikawaeleza mwenyewe nani aliyevunja chupa. Waliuliza kwa nini basi huyo Baldev aseme imepasuka yenyewe. Nikawaambia hayo waache, ni mambo ya wazee.

Kunyamaza kwako nimekusamehe. Tarehe 26 tutakuja, mabasi mawili. Tangawizi iwe nyingi. Kitako ukiweke mezani, chumvi Falis atakuja nayo.

Idil ana wasiwasi. Amesikia umeshindwa kuliona doa, anataka urudi kliniki wakupime tena. Nimemwambia asihangaike. Mtawa hakuwa kipofu, na wewe pia si kipofu.

Nduguyo,
Hillow